Kona Yangu Nyuma ya Matete

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua! Kutwa nasuka watu saluni, kila kichwa kina kesi yake na hakimu ni mimi. Nikirudi nyumbani – watoto, mume, televisheni, na sasa mama mkwe, aliyehamia kwetu baada ya kumzika baba mkwe. Analala chumba cha watoto. Hata chooni nagongewa. Nataka kona moja tu ya kukaa kimya. Kibaraza cha nyuma kinatosha. Nitakiziba kwa matete.

Alhamisi, 6 Machi
Matete yamefika, mabichi, yananukia mto. Nimeyasuka kama nywele, mkono umeshazoea. Yamependeza! Mama mkwe kapita, kauliza najificha nini. Nyumba ya mwanawe haina siri, kasema. Nimejibu kwa heshima kwamba napumzika tu. Moyoni nachemka. Wakati wa chakula nikatangaza sheria: asiyepiga hodi haingii. Mume kacheka mpaka kapaliwa. Hodi mtu ataipigia wapi, kauliza, na mlango hakuna?

Jumapili, 16 Machi
Aibu! Matete yamekauka, yamesinyaa, kila pengo lina jicho la mtoto. Nywele hazisinyai, ningejuaje? Sikati tamaa. Nimefumua yote, nimesuka upya yakiwa makavu, safu mbili. Vidole vinawaka moto. Chini nimeweka vyungu viwili vya mmea wa kutambaa. Ukishapanda, hata jua litapiga hodi.

Jumatano, 19 Machi
Nimekaa ndani nusu saa. Hakuna aliyeniita! Nikajiona mtu. Ila mto wa kiti nimeukuta umehamishwa, na udongo wa vyungu umelowa. Kuna anayeingia nisipokuwepo. Nitamkamata.

Jumamosi, 22 Machi
Nimewahi kutoka saluni makusudi. Nje ya matete – ndala za mama mkwe, zimepangwa vizuri kama mlangoni. Nikavuta pumzi nimpe vidonge vyake. Ndipo nikamsikia. Analia. Kilio cha kubana, nadhani kanga iko mdomoni. Anamuuliza marehemu mbona amemwacha peke yake kwenye nyumba iliyojaa watu. Msibani hakudondosha hata chozi, tukasema ana moyo mgumu. Kumbe hakuwa na pa kulilia! Kitanda chake kiko katikati ya wajukuu. Hasira zimeniishia, nimeona haya.

Kitindamimba kaja mbio, nikamdaka shati.

"Bibi yuko wapi?"

"Anapumzika. Kacheze mbele."

Kilio kikakatika. Kisha, kutoka ndani:

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama. Kaa tu."

Nimeketi kwenye ngazi, mgongo nimeupa matete, naandikia gotini. Ameanza tena, taratibu. Nami machozi yananitoka.

Geti linafunguliwa. Mume huyo, anamwita mama yake kwa sauti, anakuja huku huku. Kona hii bado naitaka, na kesho nitaidai zamu yangu. Ila leo hapiti mtu hapa.