Nyuma ya Mugongo ya Donat

Élisabethville, tarehe 4 mwezi ya saba 1954

Kwako yaya Victorine, dada yangu mukubwa,

Nakuandikia niko na vumbi ku mikono, nimeshuka ku kinga, baiskeli yangu, sasa hivi. Jambo sana. Habari ya kule Mokambo? Bwana yako, shemeki Clément, anaendelea muzuri na kazi yake ya douane ku mupaka? Na batoto, kile kikohozi cha baridi kiliisha? Sisi huku, mimi na Donat, tuko bazima. Ni baridi tu ya asubui inatukata masikio.

Yaya, niko na habari. Tarehe 15 ya mwezi ya munane, sikukuu ya Bikira Maria, kutakuwa mbio ya kinga ya banamuke, mara ya kwanza hapa mu cité. Tutatoka ku kanisa mpaka ku daraja mu njia ya Kafubu, na kurudia. Ni kilometre makumi mbili na ine. Komite inasema kila mwanamuke aende na bwana yake, naye ku kinga yake, juu ya kumulinda mu njia. Lakini mbio ni ya banamuke. Bwana atabakia nyuma. Hapana kusukuma, hapana kuvuta, hapana kupita mbele kumukatia muke upepo.

Najua unacheka. Mimi mwenye nilikuwa naogopa hata mbuzi ya mama. Ni Kapinga alinifundisha. Ni jirani yetu, bantu ba Kasai, yeye mushonaji na bwana yake Lucien anafanya kazi mu imprimerie, kule banachapa vitabu. Alikimbia nyuma yangu miezi mbili, anashika kiti ya kinga, ananiambia, «Usiangalie gurudumu, angalia mbali.» Siku moya akaniachilia bila kusema, na mi nikaenda. Sasa mi na yeye tunapita bengine bote. Yeye ananipita kidogo.

Kila siku ya yenga, tukitoka ku misa, Donat ananipeleka mu njia kunifundisha. Ni mwalimu mukali. Anapita mbele, mi namufuata karibu kabisa, gurudumu yangu inakaribia kugusa yake. Yaya, nyuma ya mugongo yake hakuna upepo. Ni kama kukaa mu nyumba.

Niombee.

Mudogo yako,
Delphine


Mokambo, tarehe 18 mwezi ya saba 1954

Delphine, mudogo yangu,

Barua yako ilifika na camion ya mizigo. Tunakusalimia bote. Kikohozi kiliisha, lakini mutoto ya mwisho anaota meno na hapa hakuna mwenye kulala. Nilimusomea Clément barua, akacheka mpaka chai ikamutoka mu pua. Anasema atakuja kuona vile unaanguka.

Na mi nilicheka, kisha nikaacha. Unaniambia komite inakataza bwana kumukatia muke upepo. Tena, mu barua ile ile, unaniambia Donat anapita mbele yako kila siku ya yenga. Sasa ni nini anakufundisha?

Namujua Donat. Siku ya ndoa yenu aliacha kula juu bantu ba Clément balimushinda ku kuvuta kamba, na ilikuwa muchezo. Umwambie pole pole ya kwamba hii mbio ni yako. Ukishindwa na Kapinga, utakuwa umeshindwa na mwenye alikufundisha. Hakuna haya mule.

Nimekushonea kaputula ya kuvaa chini ya robe, bantu basione mapaja. Usikatae.

Yaya yako,
Victorine


Élisabethville, tarehe 22 mwezi ya munane 1954

Yaya yangu,

Jambo, jambo tena. Mutoto alimaliza kuota meno? Mi niko muzima, miguu tu inaniuma.

Nimeshinda. Mimi, Delphine. Kaputula yako nilivaa. Zawadi ni mashini ya kushona, mupya kabisa, nyeusi na maua ya rangi ya zahabu, na sanduku yake ya mbao. Muzungu mwenye duka, ndiye alitoa zawadi, alinipa mukono mbele ya bantu bote. Banamuke bakapiga vigelegele. Donat akanibeba ku mabega mpaka ku nyumba, na ukijua vile Donat hapendi kuchafua shati, utaelewa. Yaya, tangu nizaliwe jina yangu iliitwa na sauti kubwa juu ya kunituma maji tu. Ile siku iliitwa mara tatu na haut-parleur, kile kipaza sauti cha komite.

Mashini inakaa karibu na dirisha, nimeifunika na kitambaa ya meza. Asubui nafunua, naangalia, nafunika. Bado sina kazi nayo, juu sijui kushona vile Kapinga anajua, lakini nitajifunza. Ile sindano inashuka na kupanda kama mudomo ya kuku anakula.

Kapinga alianguka ku kona, akaumia mukono. Lucien alileta maneno ku komite, lakini iliisha muzuri. Baliniuliza, nikajibu.

Donat anakusalimia sana.

Mudogo yako,
Delphine


Mokambo, tarehe 5 mwezi ya kenda 1954

Delphine,

Tuko bazima, nafikiri na ninyi pia.

Nimesoma barua yako mara mbili. Juu ya mashini umeandika mustari nyingi, mpaka mudomo ya kuku. Juu ya Kapinga, mustari moya. Mwanamuke mwenye alikimbia nyuma ya kinga yako miezi mbili.

Alianguka namna gani? Lucien alisema nini ku komite? Na wewe balikuuliza nini, ukajibu nini?

Uniambie kitu yote. Mi nilikubeba ku mugongo, najua vile unanyamaza ukifanya mubaya.

Yaya yako,
Victorine


Élisabethville, tarehe 10 mwezi ya kumi 1954

Yaya,

Nakusalimia, na shemeki, na batoto. Nilikaa na barua yako mwezi muzima. Nitakuambia, kisha uichome hii.

Mpaka ku daraja Donat alibakia nyuma, juu bantu ba komite balikuwa pale. Kapinga alikuwa mbele yangu, na Lucien mbali nyuma yetu bote, anamuimbia tu ile nyimbo yao ya kulima. Tulipogeuka, upepo ukatupiga mu uso. Unajua upepo wa mwezi ya munane, na majani yamechomwa, unaleta majivu mu macho. Kule hakukuwa muntu ya komite. Donat akanipita, akasema, «Ingia.» Nikaingia nyuma yake.

Tukamufikia Kapinga ku kona penye vichuguu. Alikuwa amechoka na ule upepo, lakini alikuwa bado anakanyaga. Akageuka, akamwambia bwana yangu, «Donat, toka mbele yake. Hii ni mbio yetu sisi babili.» Alisema pole, kama unamwambia muntu akupishe ku mulango. Donat akamusukuma mara moya tu, na bega. Kinga ya Kapinga ikaingia mu mufereji, mu mawe.

Nilimusikia analia. Hakuita Lucien. Aliita, «Delphine.» Donat akasema, «Usigeuke.» Sikugeuka. Na usifikiri ni woga ya Donat, yaya. Nilikuwa nafikiri kitu moya: sasa hakuna muntu mbele yangu.

Ku komite balimuleta Kapinga, mukono umefungwa na shati ya Lucien, shati imelowa damu. Président akaniuliza, «Bwana yako alikuwa wapi?» Nikasema, «Nyuma.» Akauliza, «Basi huyu mama anasema bongo, anatudanganya?» Kapinga alikuwa ananiangalia. Nikasema, «Ndiyo, anasema bongo.» Lucien ndiye alisema, mpaka président akamwambia ni haya kubwa mwanaume kutojua kushindwa, na jina yake ikafutwa mu club ya kinga. Bantu balicheka. Kuko mwenye alisema barudie kwao Kasai, kule bashindane na mbuzi.

Mukono ulipona vibaya. Vidole tatu haviwezi kujikunja. Hawezi kushika makasi. Na bantu bake ba kushonesha banakuja kwangu sasa, juu niko na mashini. Nashona mubaya, mikono ya robe moya inapita ingine, lakini banakuja. Donat ameandika ku mulango na rangi nyeupe, bantu bajue mushindi anashona hapa: DELPHINE, CHAMPIONNE, COUTURE. Kapinga anapita hapa kila siku akienda ku bomba ya maji.

Nifanye nini?

Delphine


Mokambo, tarehe 24 mwezi ya kumi 1954

Delphine,

Mama alitufundisha kusalimia kwanza. Nakusalimia.

Nilimusomea Clément. Ile siku hakucheka.

Unauliza ufanye nini, na unajua. Utaenda ku komite, useme mbele ya bale bale bantu ya kwamba Kapinga alisema kweli na wewe ulisema bongo. Kisha utaenda kwake. Usianze na mashini. Najua utataka kuanza na mashini, juu mashini haina mudomo. Anza na komite.

Donat akikufukuza, panda camion ya Mokambo. Clément ameshatengeneza kitanda mu chumba ya batoto. Akikupiga, panda ile ile camion.

Mpaka ufanye ile, usingojee barua yangu. Sitaandika.

Victorine


Élisabethville, tarehe 9 mwezi ya kwanza 1955

Yaya yangu,

Bonne année, mwaka mupya muzuri kwako, kwa shemeki na kwa batoto. Mungu abalinde. Huku mvua ni nyingi na njia yote ni matope.

Nilianza na mashini. Unisamehe.

Nilingoja Donat aende ku kazi, nikaifunga nyuma ku kinga, nikaisukuma mpaka kwa Kapinga. Alikuwa anachagua maharagi na mukono ya kushoto. Nikaweka mashini mbele yake, ku mukeka. Aliiangalia sana. Akajaribu kushika ile gurudumu ndogo ya pembeni ya mashini, vidole vikateleza. Akajaribu tena. Kisha akaniuliza, «Nitashona na nini?»

Nikamwambia auzishe. Nikamwambia nitakuwa nakuja kumukatia vitambaa. Nilisema mingi, yaya, sikumbuke. Akaniacha nimalize, akasema, «Siku ya yenga, kisha misa, bantu bakitoka, simama ku mulango ya kanisa useme ya kwamba sikusema bongo. Ile tu. Mashini unaweza kubakia nayo.»

Nikasema, «Donat atanifukuza.»

Akasema, «Mi Lucien alinibeba ku mugongo mpaka ku hospitali. Wewe ukianguka, nani atakubeba?» Hakusema na hasira. Alikuwa anauliza kweli, anangoja nijibu.

Nikabeba mashini, nikarudia nayo.

Ile siku ya yenga nilivaa robe ya bluu, nikasimama ku mulango ya kanisa. Bantu bakatoka. Kapinga na Lucien bakatoka, bakasimama kidogo pembeni. Donat akanishika mukono, akaniuliza, «Unangoja nani?» Nikasema, «Hakuna.» Tukaenda.

Siku tano mbele ya Noël, sikukuu ya kuzaliwa Yesu, balipanda train ya Luluabourg, kwao Kasai. Niliona bakipakia vitu ku camionnette, nikabakia nyuma ya rideau ya dirisha. Kapinga aliaga banamuke ba barabara yote, mulango kwa mulango. Yetu aliruka.

Ndiyo vile iko. Huku siwezi kusema kwa muntu. Uniandikie, yaya, hata unitukane.

Mudogo yako,
Delphine


Élisabethville, tarehe 21 mwezi ya munane 1955

Yaya Victorine,

Jambo. Hii ni barua ya ine tangu uache kuandika. Ile ya Pasika na ile ya mwezi ya sita sijui kama zilifika. Dereva wa camion anasema alizipeana mu mikono yako na ukamushukuru. Natumaini batoto bako bazima. Natumaini na wewe.

Tarehe 15 kulikuwa mbio tena. Sikutaka. Donat alishaandika jina zetu. Aliniambia championne asipotoka, bantu batasema tuliogopa.

Tulikuwa banamuke kumi na moya ku kanisa, kila moya na kinga na bwana yake. Komite ikapanga mustari, président akapiga firimbi. Mi nikakanyaga. Nilienda mita makumi tatu, nikaona kivuli ni chetu tu, mi na Donat. Nikageuka. Bote balikuwa bamesimama, bameshika kinga zao na mikono, hakuna mwenye amepanda. Mabwana nao balisimama.

Président akauliza kuko nini. Chileshe, ule mama anauzisha samaki ku soko, akajibu, «Tunangojea Kapinga.»

Président akasema Kapinga hakujiandika, Kapinga alishaenda Kasai. Chileshe akasema, «Tunajua. Tunamungojea.» Kisha akaniangalia mi. «Wewe enda tu, mama. Njia ni yako.»

Mguu yangu ilikuwa chini. Yaya, nakuapia, nilikuwa nimeshashuka nusu. Donat akasema, pole, bengine basisikie, «Ukiacha ile kinga hapa, vitu vyako utavikuta mu njia.» Nikafikiria kitanda kile, mu chumba ya batoto. Nikafikiria kama kingali pale.

Nikapanda.

Kilometre makumi mbili na ine. Ku daraja muntu ya komite alikuwa anakula ndizi, akatuandika mu karatasi. Kurudia upepo ulikuwa mwingi na Donat akapita mbele kama kawaida, hata hakuangalia kama kuko muntu. Tulipofika ku kanisa banamuke balishaenda. Kulibakia komite, photographe na mbwa ya sacristain, mutunzaji wa kanisa. Balinipa taa ya pétrole ya kupompa. Photographe akaniambia nicheke, nikacheka. Haut-parleur iliita jina yangu mara tatu, juu ilikuwa imeandikwa mara tatu mu programme.

Ku bomba ya maji hakuna mwenye ananitukana. Nikifika, bananipisha nichote wa kwanza. Hakuna anayeshonesha kwangu tena. Donat anasema ni wivu, ametundika photo ku ukuta.

Barua hii inaenda leo na camion ya Mokambo, na kesho kutwa asubui camion itaondoka tena huku. Nilimwambia dereva anibakizie nafasi, na nilimwambia aniletee kwanza jibu yako, hata karatasi tupu na jina yako. Akirudi mikono mitupu, sitapanda.

Mudogo yako,
Delphine


Élisabethville, tarehe 24 mwezi ya munane 1955

Yaya,

Dereva alipita jana, mikono mitupu.

Delphine