Nilivyomshukuru Mwimbaji kwa Kumwibia

Leo, Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, nimeaibika mbele ya darasa letu zima la elimu ya watu wazima, shoga yangu.

Mwalimu alimleta yule mwimbaji tunayempenda, atueleze ubaya wa kuiba nyimbo. Mimi kiranja nikapangiwa kusoma shukrani, nilizoziandika jana.

Nikasoma: "Nyimbo zako zote arobaini ninazo. Fundi simu alinijazia, nami nikawarushia wanafunzi wote." Watu waliguna, nami nikaendelea hadi nukta, maana tumefundishwa tusikatize sentensi.

Mwimbaji akauliza, "Mama, ungetoka dukani na kanda yangu chini ya mtandio, ungejiitaje?"

"Mwizi, baba. Lakini wimbo bado unao."

"Na njaa bado ninayo, mama."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akatugawia kitabu kizima cha uaminifu, alichokitoa fotokopi.

Nilikuwa tayari kuuachia ukiranja. Lakini mlangoni mwimbaji akaniita kando. "Mama, ule wimbo wangu wa kwanza unao? Simu yangu iliharibika, sina nakala."

Hana nakala, shoga. Mwenye wimbo.

Nikamrushia, akanishukuru kwa adabu. Sasa sijui kama hiyo ni toba au ni kosa la arobaini na moja.

Wewe nilikutumia nyimbo kumi na mbili. Tafadhali zifute, halafu wote uliowagawia uwapelekee ujumbe huu. Usambaze bila hofu, maana huu nimeutunga mwenyewe.