Mguu wa Baba na Saa ya Ulaya

Jumapili, 24 Machi 2019

Muhindo amepiga saa kumi kamili. Kwake huko Liège, Ubelgiji, ni saa nane mchana. Bosi wake anamwachia saa moja tu kwa wiki, Jumapili, na hiyo anaitumia kwenye kibanda cha simu. Simu yake mwenyewe hana. Hana karatasi za kuishi huko, anaogopa. Ukiirudia namba ya kibanda, mwanamke anaongea Kifaransa peke yake mpaka inakatika. Kwa hiyo sisi tunangojea. Mwaka wa tatu huu tunangojea!

Baba kaongea naye kahawa, mvua, paa la kanisa. Mguu? "Unauma kidogo." Kidogo! Vidole viwili vimekuwa vyeusi na harufu inakukuta mlangoni. Nikamnyang'anya simu, nikasema mwenyewe: ni sukari, nyama inaoza, kesho tunampeleka hospitali Kisinga. Muhindo akasema wasikate kitu chochote mpaka yeye aseme, anataka kwanza kuuliza watu huko, Jumapili atatoa jibu. Muda ukaisha.

Haya. Mimi Loyi ni wa kwanza, Yudesi wa pili. Muhindo ni wa tatu, mvulana aliyekuja baada ya wasichana wawili, ndiyo maana ya jina lake lenyewe. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, nina duka Bwera na vyerehani viwili, Mama nilimuuguza mimi mpaka mwisho. Lakini mguu wa Baba unamngojea wa tatu.

(Naandika Kiswahili ili Yudesi asisome, yeye hakijui.)

Jumanne, 26 Machi

Hospitali ya misheni, Kisinga. Daktari Kosiya ni kijana, anaongea polepole. Kasema wakate chini ya goti. Dawa za kudungwa mshipani zitazuia uozo mpaka Jumatatu, si zaidi. Bila alama ya kidole cha Baba kwenye fomu hawawezi kumgusa, akili zake ni timamu.

Timamu sana! Kamwambia daktari: "Mwili wa baba ni wa mtoto wake mwanaume. Muhindo akisema, kateni." Na ana neno jingine. Mguu ukikatwa utakwenda wapi? Hataki utupwe shimo la hospitali. Uzikwe nyumbani, na mahali pa kuuzika pasemwe na Muhindo. Asije akazikwa vipande viwili sehemu mbili kama mtu asiye na kwao.

Nikamwambia mimi ninaweza kupasema. Akageukia ukuta.

Jumatano, 27 Machi

Habari njema, angalau mara moja! Redio imesema Bunge la Ulaya limepiga kura jana. Wanaacha ule upuuzi wao wa kusogeza saa mara mbili kwa mwaka. Nilikuwa nashona sare, nikapiga makofi peke yangu dukani, mteja akashtuka.

Kwa nini nifurahi? Kwa sababu ya Oktoba ile ya kwanza. Kabla yake Muhindo alikuwa anapiga saa tisa. Jumapili moja tukakaa, saa tisa ikapita, kimya. Yudesi akaanza kulia, kaka amekufa! Saa kumi simu ikalia. Kumbe wamerudisha saa nyuma, hakuna aliyetuambia. Mtu mzima unaamka unaamua saa nane si saa nane tena. Jua halijui. Tumbo halijui. Watu wa Bwera wanaomngojea ndugu yao hawajui.

Baba alipokuwa mgodini Kilembe, king'ora kililia wakati ule ule miaka ishirini. Nimempigia Yudesi amwambie habari ya kura. Kasema Baba amecheka. Siku nyingi alikuwa hajacheka.

Ijumaa, 29 Machi

Siku ya soko, Mpondwe mpakani. Kunawa mikono, kupimwa joto kwa ajili ya Ebola, foleni mpaka darajani. Jean-de-Dieu, yule Mkongo wa vocha, alikuwa kwenye meza yake. Anavaa saa mbili: mkono wa kushoto Congo, wa kulia Uganda, maana ukivuka mto unapata saa moja ya bure na ukirudi wanakunyang'anya. Kaniuliza hali ya Baba. Nikamwambia Jumapili saa kumi tunapata jibu.

"Saa tisa, Mama Loyi. Dimanche hii saa ya Bulaya inabadirika."

Nikamwambia hasikilizi redio. Wamepiga kura, wameacha.

"Kura iko ya 2021! Bitu bya Bulaya binakawiaka. Miye niko na muyomba ku Bruxelles, ananiambia jana."

Nikamwambia yeye na saa zake mbili hajui hata moja. Watu wakacheka, na yeye kacheka. Nilijisikia vizuri sana.

Jumapili, 31 Machi

Niandike ilivyokuwa. Nisijipake mafuta.

Tulitoka misa, tukafika wodini saa saba. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Betri ya simu yangu imevimba, haikai saa mbili. Nikasema niizime, nitaiwasha saa kumi kasorobo. Yudesi akaniuliza: una hakika? Nikamjibu kwa ukali. Nikaizima mimi, kwa kidole changu.

Tukamnawisha Baba uso. Akaomba shati la rangi ya maziwa, lile la Pasaka. Akakaa ameegemea mto, anangojea.

Saa kumi kasorobo nikawasha. Ujumbe ukaingia, halafu mwingine, halafu mwingine. Umepigiwa saa tisa na dakika nne. Saa tisa na kumi na moja. Saa tisa na nusu. Namba ndefu ya Ulaya.

Nilirudia ile namba. Mwanamke wa Kifaransa. Nikarudia. Tulikaa mpaka saa kumi na mbili.

Baba kauliza: "Si ulisema wameacha?"

Nilisema. Nilimwambia kila mtu.

Jumatatu, 1 Aprili

Baba amekataa. Atangojea Jumapili nyingine. Daktari Kosiya amepiga magoti kando ya kitanda, kweli amepiga magoti, akamwomba. "Asante, mwanangu. Jumapili."

Nimekwenda kwa Jean-de-Dieu. Hakunicheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kampigia yule mjomba wake wa Bruxelles hapo hapo. Mjomba anauliza kibanda gani, mtaa gani, bosi gani. Sijui. Ndugu yangu wa tumbo moja, na anakoishi ninajua jina la mji tu. "Liège iko mukubwa, mama. Tutatafuta mutu mmoja namna gani?"

Nina hasira na bunge lile. Wanapiga kura Jumanne, Jumapili wanasogeza saa kama kawaida! Kama mmeamua kuacha, acheni. Au endeleeni milele, tuzoee. Lakini huku kukubali halafu kungoja miaka miwili… Hasira yenyewe haina pa kwenda. Hata wakinisikia hawatajua Bwera ni wapi.

Jumatano, 3 Aprili

Weusi umepita kifundo. Nimeshona gauni la mteja kinyumenyume, nikafumua, nikashona tena vile vile.

Ijumaa, 5 Aprili

Homa. Daktari ameniita pembeni. Kesho asubuhi, basi. Ikifika Jumapili haitakuwa chini ya goti tena, na huenda haitakuwa na maana. Nikamwuliza: hamwezi kukata tu? Kasema mzee anajua jina lake, anajua siku, anajua rais. Akikataa, amekataa.

Nimekaa kwenye benchi nje, pale kwenye ndoo za kunawia. Wa kwanza wa nyumba! Nina mdomo, nina akili, nina miguu miwili. Naweza kumbeba Baba mgongoni mpaka Kasese na kurudi. Neno moja la kusema wakate, hilo sina.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimefanya.

Niliingia saa mbili asubuhi. Baba macho mekundu, midomo imekauka. Kauliza kama anavyouliza kila siku: "Amepiga?"

Nikasema: "Amepiga sasa hivi, Baba. Nilikuwa pale nje nanawa mikono."

"Leo si Jumapili."

Yudesi alikuwa amesimama na beseni. Hakusogea.

Nikasema: "Saa za Ulaya zimebadilika, Baba. Sasa wanamwachia Jumamosi."

Akafikiri. Niliona anavyofikiri. Halafu akatikisa kichwa: "Hao watu na saa zao." Akauliza Muhindo kasemaje. Nikasema kasema wakate. Mguu uzikwe wapi? Nyuma ya jiko, kwenye migomba, upande wa kaburi la Mama. Sijui nilipatoa wapi mahali hapo. Neno lilinitoka tu, kana kwamba mtu kweli alikuwa ameniambia.

"Amechagua vizuri," Baba akasema. Akaomba wino wa kidole.

Saa nne wakampeleka. Saa saba daktari akatoka, kasema amepita salama. Wakatukabidhi mguu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Zedekiah, mume wa Yudesi, kaupakia kwenye bodaboda mbele yake, kaenda nao nyumbani. Kamaliza kazi, kapiga: amechimba kina cha mkono, amesoma Baba Yetu, ndiyo hivyo.

Yudesi kaniambia neno moja tu wiki hii yote. "Na kesho?"

Jumapili, 7 Aprili

Saa nane na nusu. Naandikia wodini, daftari juu ya goti.

Baba ameamka tangu asubuhi. Kanywa uji nusu kikombe. Homa imeshuka, daktari kafurahi. Anaangalia pale shuka inaposhuka ghafla, halafu anaangalia dirisha. Kasema unamuwasha, ule ambao haupo.

Ameomba shati la Pasaka.

Nikamwuliza la nini. Kasema leo ni Jumapili. Saa zibadilike zisibadilike, Muhindo hawezi kuacha kupiga Jumapili. Anataka kumshukuru. Kasema maisha yake yote hajamshukuru mtoto yeyote, ataanza na huyu.

Saa tisa kasorobo. Simu imejaa, umeme upo leo. Ipo hapa mkononi mwangu. Na Muhindo hajui lolote! Tangu Jumapili ile hajasikia neno. Labda watu aliowauliza wamemwambia wasikate. Labda atasema kwanza: "Hamjakata, si ndiyo?" Na Baba atakuwa anasikiliza, spika imewashwa, maana masikio yake siku hizi ni mazito.

Ningetoka nje nipokelee huko. Nimejaribu kusimama. Baba kasema: "Unakwenda wapi? Kaa hapa hapa, ni saa yake."

Yudesi anamfunga vifungo vya shati. Ananitazama mimi, hatazami vifungo.

Kasoro dakika mbili. Kidole changu kiko juu ya kile kitufe cha kuzima simu. Kidole kile kile. Nikibonyeza sasa, na Baba ananiona…

Inalia. Baba amenyoosha mkono.