Mama Amesimama Tena

Mwenzangu, uko hewani? Mama amesimama tena.

Si unajua ile posho ya ulemavu tulinyimwa kwa sababu daktari waliyemtuma kumpima alipoingia, mama aliinuka kumpa mkono. Akaandika "anasimama bila msaada." Mkono uliong'ang'ania meza kwa nyuma hakuuona.

Leo wakili wa rufaa kaja nyumbani kutuandaa. Tangu juzi namwambia, mama, mgeni akiingia wewe kaa, kaa kama unavyokaa siku zote. Ananijibu sawa, mimi si mtoto.

Mlango ukagongwa. Kugeuka hivi, mama kasimama wima, anatabasamu, "Karibu baba, karibu." Baba! Kijana wa kumzaa.

Nikasema mama, kaa. Akanikata jicho. "Mgeni anapokelewa kwa makalio? Nimekulea hivyo mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakili akamwambia taratibu, "Mama, ukisimama hivi mbele ya jopo la kusikiliza rufaa, kesi imekwisha."

"Hilo jopo ni watu wazima?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nitawasalimiaje nimekaa?"

Nimekasirika kweli. Nikajua ni kiburi tu. Wakili alipoaga, mama akamsindikiza kwa macho, bado kasimama pale pale, anampungia mkono mmoja.

Halafu akaninong'oneza, wala hakugeuka: "Ameshafika mbali?"

Ameshafika, mama.

"Basi njoo unishike. Tangu alipoingia natafuta namna ya kukaa."