Mwisho wa Hadithi ya Chungu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, tena leo nimezidi. Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba kazi yangu ni kuhamishia kwenye kompyuta kanda za zamani za wasimulizi, ukaniuliza kama nilisoma miaka yote hiyo ili nisikilize ngano za watoto? Nami kila nikikuomba tukurekodi unakataa. Unasema huna chako, unarudia tu maneno ya marehemu mama yako, na kasuku hawekwi maktaba.

Basi kulikuwa na kanda moja iliyogandamana kwa unyevu. Bosi akasema itupwe. Fundi wetu akakataa katakata, akaitia kwenye mashine ya kukaushia matunda (ndiyo, matunda!), akatuonya kwamba atakayechomoa waya ili achaji simu atamjua yeye ni nani. Ikalainika. Akasema huenda ikapiga mara moja tu halafu ikakatika, kwa hiyo kompyuta iwe tayari. Tukaizunguka mashine wote, hata bosi.

Mama, akasikika Bibi! Anasimulia chungu kilichokataa kupikiwa chakula cha mtu mchoyo. Nilijua kila neno, maana ndiyo hadithi uliyotulazia usingizi. Chungu kikaanguka, kikavunjika, Bibi akasema hadithi imeishia hapo.

Nikashtuka. Wewe hukuwahi kuishia hapo. Kwako vigae huanza kuimba, kila kimoja kwa sauti yake, mpaka mchoyo akimbie nyumba.

Sasa nikuambie lililonitoa machozi mbele ya watu. Kwenye kanda akadakia mtoto anayetamka kama mwenye pengo la meno, akagoma kabisa: haiwezi kwisha hivyo, vigae vinaimba! Akauimba wimbo wote, uleule wako. Bibi akacheka mpaka akakohoa, akamwambia mwenye kinasa sauti kwamba kuanzia siku hiyo hadithi itaisha alivyosema Kidomo.

Kidomo, Mama! Nani mwingine katika ukoo wetu aliitwa hivyo?

Kanda imekatika, lakini sauti zenu tumezihifadhi. Kwenye nafasi ya msimulizi nimeandika watu wawili. Na unisamehe, nimeshamwahidi bosi kwamba Jumatatu utakuja kurekodiwa. Huna kisingizio tena.

Msalimie sana Baba, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi kitindamimba wako, mjukuu wa Bibi, mtoto wa Kidomo.