Gari la wagonjwa lilikwenda kwa kinyozi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukicheka, cheka taratibu. Mimi ni fundi cherehani, upara wangu unakua haraka kuliko wateja, na mwaka jana nilifunga nyumbani simu ya mezani inayopitia intaneti, nikajaza fomu ya anwani, kisha tukahama kutoka juu ya duka la rangi, nikaibeba simu, nikaichomeka huku, ikalia vizuri, nikajua yamekwisha. Juzi asubuhi mama mkwe akateleza bafuni, mguu ukapinda, mke wangu akapiga namba ya dharura, binti wa upande wa pili akamuuliza, "Mko wapi, mama?" naye akajibu, "Bafuni! Njooni!" akaitupa simu, ikakatika. Gari likaenda hadi juu ya duka la rangi, wahudumu wakamkuta kinyozi aliyepanga pale, nusura wamlaze yeye kwenye machela. Sisi tulisubiri dakika arobaini, mama mkwe akinitazama kama kitambaa nilichokata vibaya. Sasa mguu una plasta na anaendelea vizuri, hasa mdomo. Lakini mke wangu amemshtaki yule binti kwa uzembe, ataitwa ajieleze mwisho wa mwezi, huenda akafukuzwa, na mke wangu hajui kwamba anwani ile sikuibadilisha. Ninyamaze?
Fundi Sindano

Fundi Sindano, pole zangu mpe mama mkwe. Wewe huna zako. Binti alisoma kwenye kompyuta yake anwani uliyoiandika wewe. Simu hiyo haijui umehama. Ichomeke hata kwenye banda la kuku, itang'ang'ania ulichojaza. Mtoto wa watu afukuzwe kwa pindo ulilolikunja wewe? Leo, kabla hujala, mwambie mkeo. Atafoka, mwache afoke. Kesho nendeni wote wawili kwa mkubwa wa binti, useme kwa mdomo wako, usijifiche nyuma ya gauni la mkeo. Halafu badilisha anwani, bandika na karatasi yenye anwani mpya juu ya simu, kwa herufi ambazo mama mkwe atazisoma bila miwani. Anayepiga aanze kutaja mahali, mayowe baadaye.

Ningekujibu kwa posta, ujisomee kwa siri. Lakini nimeigeuza bahasha yako, na nyuma umeandika: "Juu ya duka la rangi." Basi soma hapa gazetini, maana kinyozi wa watu ameshasumbuliwa vya kutosha.