Prosesa Itakusubiri Wewe

Chumba cha juu,
Jengo la duka la rangi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mkia,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi yako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Ile glavu iliyotoboka umeshabadilishiwa, au bado unapanga maboksi kwenye ghala la barafu huku kidole kimoja kikiwa nje? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote, maana hicho kidole nimekiota.

Sisi huku wazima. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wangu wa siku zote, wa kutoka kwenye tanuri la mikate nikakuta nyumbani kuna mtu mdogo ambaye ndiyo kwanza ameamka na ana mipango yake. Shemeji yako mzima, anaendelea kutengeneza lifti za watu mchana kutwa, kisha anarudi kupanda ngazi zetu kwa miguu. Goti la Mama limetulia. Sasa anafika huku juu bila kunilaumu kwa kila ngazi, ananilaumu mara moja tu akishakaa.

Kibogoyo jina limeanza kumkataa. Ameota meno mawili chini na la juu linachungulia. Anatambaa kila mahali na anauma kila kitu, baba yake akiwemo.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanitania mpaka nacheka, na nikishacheka ujue nimeshakubali. Barua huwezi kuikatiza.

Ni lile jambo la Jumapili iliyopita. Unakumbuka kwenye mchezo wetu wa malori, picha ilivyoganda kwangu pale darajani, na ilipozinduka lori langu lilikuwa mtoni pamoja na mbao zako zote.

"Dada, umelala?" ukaniuliza.

"Mimi niko macho, kompyuta ndiyo imelala!"

"Basi prosesa imezeeka hiyo, ndiyo ubongo wake. Mchezo umeongezewa mvua na mafuriko, haiwezi tena. Nakutumia hela ununue mpya."

"Hela ipi?"

"Ile ya nauli. Nitaijaza tena, dada, usijali."

Hapo ndipo nilipokuambia mtoto analia. Halikuwepo la kulia, alikuwa anatafuna waya wa hedfoni kwa raha zake. Nilitaka tu nafasi ya kufikiri.

Sikukukatalia pale pale kwa sababu nilitamani, nikuambie ukweli. Ile saa ya Jumapili, Kibogoyo akilala, ndiyo saa pekee ya wiki ambayo siwi mama wa mtu, wala mke wa mtu, wala yule dada wa mikate. Nakuwa mtu mwenye lori. Na wewe uko lori la mbele unanipigia honi za kijinga. Mchezo ukitushinda, saa hiyo nayo imekwenda. Kwa hiyo nikaenda kuulizia.

Yupo fundi kompyuta mwenye meza yake chini kabisa, ngazi zinapoanzia. Akaniambia prosesa mpya haiingii kwenye bodi yetu, lile bamba inapochomekwa, kwa kuwa bodi ni ya zamani. Ukinunua prosesa, ununue na bodi. Ukinunua bodi, memori zetu nazo hazikubali, ununue na memori.

"Fundi," nikamwambia, "mimi nimekuja kuposa binti mmoja, wewe unanipa na shangazi zake wote."

Akacheka, akasema ipo njia nyingine. Kuna prosesa za mtumba, zenye nguvu kuliko yetu, zinazoingia kwenye bodi hiyo hiyo, na bei yake haifiki hata nusu. Nikataka kumwachia kianzio palepale. Akakataa. "Ngoja kwanza, mama. Niletee mashine niione inaumwa nini."

Shemeji yako akaibeba begani ngazi zote, akinung'unika kwamba angejua angeoa mwanamke wa ghorofa ya chini. Fundi akafungua ubavu, akapuliza, na meza nzima ikawa nyeupe. Poda! Poda ya Kibogoyo. Mashine iko pale pale tunapombadilishia nepi, na kila tukimpaka, feni nayo inajivutia fungu lake.

"Prosesa yenu inanukia kuliko mimi," akasema fundi.

Akasafisha, akabadilisha ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na feni, ambayo ilikuwa imekauka kama chokaa. Tukaujaribu mchezo pale mezani kwake. Lori likavuka daraja lile lile, mvua inanyesha, bila kusita. Nikapiga kelele mpaka mwenye duka la rangi akatoka nje.

Tukairudisha juu. Nusu saa haikuisha, ikaanza kuganda tena. Weee! Nilikuwa nimeshavaa kandambili nishuke nikamwambie fundi maneno yake, ndipo shemeji yako akaingia kuchukua nepi zilizokauka. Alipozitoa, baada ya muda mfupi picha ikanyooka.

Tukaangaliana.

Nepi, Mkia. Tangu mvua zianze, shemeji yako amekuwa akizianika nyuma ya kompyuta kwa sababu pale panatoka hewa ya moto. Alijisifu sana kwa ubunifu huo, na mimi nilimsifu. Kumbe tulikuwa tumeiziba pumzi. Fundi anasema prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua, kama mtu anayepanda ngazi zetu na ndoo ya maji kichwani. Haikuwa imezeeka, ilikuwa inalea mtoto pamoja na mimi.

Sitaki kukudanganya kwamba imekuwa mpya. Kwenye mafuriko makubwa bado inahema, na nimeshusha ubora wa picha mpaka mto unafanana na bati. Lakini lori linakwenda. Ipo siku itahitaji ile prosesa ya mtumba, na fundi amenihakikishia hazikosekani. Haraka hatuna.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa nasema kama dada mkubwa. Hela ya nauli usiiguse.

Mara ya kwanza ulipokuwa uje, nauli ikageuka friji ya Mama. Mara ya pili ikageuka miwani yake na godoro letu. Tulishukuru, na bado tunashukuru, lakini mdogo wangu, unarudi nyumbani vipande vipande. Mara unakuja ukiwa friji, mara ukiwa godoro, sasa unataka kuja ukiwa prosesa. Vifaa vimetutosha. Tunamtaka mwenyewe.

Kibogoyo akisikia sauti yako kwenye spika anatambaa mpaka nyuma ya kioo kukutafuta. Anakuta waya na ukuta. Anarudi, ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyekuficha. Hakuna prosesa ya kutibu hilo.

Kwa hiyo tumeamua, mimi na shemeji yako, na Mama ameitikia kabla hatujamaliza kusema. Mwezi wa likizo yako ukifika, kata tiketi. Ile prosesa ya mtumba tutaitafuta ukiwa hapa, tutaichanga pamoja, na utaifunga kwa mikono yako, kama ulivyoiunda mashine hii kipande kwa kipande pale sebuleni kwa Mama. Mimi nitakushikia tochi na kukosoa.

Na jambo moja zaidi. Fundi alipofungua aliona nyaya zote zimefungwa kwa kamba nyeusi ya kiatu. Ile ya kiatu chako cha shule! Na Mama ulimwambia imekatika. Fundi alitaka kuikata aweke vibanio vya plastiki, vinapendeza zaidi. Nikamshika mkono. Nimemwambia hiyo kamba ina mwenyewe, na mwenyewe anakuja kuifungua.

Mama anakusalimu sana. Shemeji yako anakusalimu, na anaomba usimtangaze habari za nepi, ingawa najua utamtangaza. Wasalimie wenzako wa ghalani, hasa yule mzee anayekugawia chai yake. Mungu akutie joto mwilini na rohoni, akulinde njia nzima mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hata unaponipigia honi,

Mama Kibogoyo